Kwa Nini Mfumo Unaofanya Kazi Hufumuliwa: Ubora wa Msimbo na Mvutano kati ya Watengenezaji Programu na Mameneja

Na Mwandishi Wetu

Mwananchi anayefuatilia matangazo ya taasisi za umma amekwisha kuzoea aina moja ya taarifa: huduma fulani ya mtandaoni itasitishwa kuanzia usiku wa Ijumaa hadi alfajiri ya Jumapili ili kupisha maboresho ya mfumo. Siku ya Jumatatu huingia katika mfumo huo huo na kukuta kurasa zile zile, vitufe vile vile na ada ile ile. Ni haki yake kuuliza ni kitu gani kilichoboreshwa. Na kama hakuna kipya kinachoonekana, muda wa wataalamu na fedha za walipa kodi vimetumika wapi?

Swali hilo si la mwananchi peke yake. Katika taasisi zinazotengeneza mifumo ya TEHAMA, ziwe za umma au za binafsi, swali hilo hilo huulizwa na meneja wa mradi mbele ya mtengenezaji wa programu, na majibu yake yamezua mvutano wa miaka mingi. Makala haya yanaeleza chanzo cha mvutano huo, namna ubora wa msimbo unavyopimwa, na kwa nini suala linaloonekana kuwa la mafundi peke yao limewahi kuwapeleka watu wasio na hatia gerezani.

Programu ya kompyuta ni maandishi. Huandikwa na binadamu kwa lugha maalumu, mstari baada ya mstari, na maandishi hayo ndiyo yanayoitwa msimbo. Msimbo una wasomaji wawili. Wa kwanza ni kompyuta, ambayo haijali mpangilio wala unadhifu, hutekeleza ilichoambiwa. Wa pili ni mtaalamu atakayekuja baadaye, pengine miaka kumi baada ya mwandishi wa kwanza kuhama kituo, akitakiwa kubadilisha jambo moja bila kuharibu mengine mia. Ubora wa msimbo, kwa sehemu kubwa, ni suala la huyu msomaji wa pili.

Chukua mfano wa kodi. Kila mwaka Bunge hupitisha Sheria ya Fedha, na masharti yake mengi huanza kutumika tarehe 1 Julai. Kati ya kupitishwa kwa muswada na siku hiyo zipo siku chache tu. Kodi ya Ongezeko la Thamani ya Tanzania Bara iliposhushwa kutoka asilimia 20 hadi asilimia 18 mwaka 2009, kila programu ya uhasibu iliyokuwa ikikokotoa kodi hiyo ililazimika kubadilishwa. Mahali ambapo kiwango cha kodi kimeandikwa mara moja tu, na sehemu nyingine zote za programu zikakisoma hapo, kazi hiyo ni ya dakika chache. Mahali ambapo kimetawanywa katika faili arobaini, kwingine kikiwa 20, kwingine 0.20, kwingine 1.2, mtaalamu hana budi kuwinda. Naye hawezi kubadilisha kila 20 anayoikuta, kwa kuwa huenda mojawapo haihusiani na kodi kabisa. Huenda ni idadi ya juu ya bidhaa zinazoruhusiwa katika ankara moja.

Programu zote mbili hutoa jibu sahihi tarehe 30 Juni. Mtumiaji hawezi kuzitofautisha. Tofauti hujitokeza siku sheria inapobadilika, na sheria hubadilika.

Kazi ya kuichukua ile programu ya pili na kuigeuza ifanane na ile ya kwanza, bila kubadilisha chochote anachokiona mtumiaji, ndiyo inayoitwa kupanga upya msimbo. Ilifanyiwa utafiti rasmi wa kitaaluma na William Opdyke, ambaye tasnifu yake ya uzamivu ilikamilika mwaka 1992 katika Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani, na ikaenea miongoni mwa watendaji kupitia kitabu cha Martin Fowler cha mwaka 1999. Sharti lake kuu ni moja: umbo la ndani libadilike, tabia ya nje ibaki ile ile. Kwa maneno mengine, kazi hii ikifanywa vizuri, mwananchi hapaswi kuona tofauti yoyote Jumatatu asubuhi.

Hapo ndipo ugumu wake wa kiutawala unapoanzia. Kwa uzoefu wa dawati la habari, hakuna taarifa ngumu kuiandika kama ile ya kazi ambayo matunda yake ni kutotokea kwa jambo. Hakuna utepe wa kukata wala jiwe la msingi. Meneja aliyepewa bajeti ya mwaka na orodha ya huduma mpya alizoahidi atalazimika kueleza mbele ya wakubwa wake kwamba wataalamu wake wametumia wiki sita wakibadilisha kitu ili kiendelee kuwa vilevile.

Kisa kinachoonyesha uzito wa jambo hili kuliko vingine vyote kilitokea Uingereza, katika mfumo wa Horizon wa Shirika la Posta la nchi hiyo. Mfumo huo ulitengenezwa na kampuni ya ICL Pathway, tanzu ya Fujitsu, ili kuweka hesabu za maelfu ya ofisi ndogo za posta zilizokuwa zikiendeshwa na mawakala. Mwaka 1998, kabla mfumo haujasambazwa nchini kote, kasoro zilizoripotiwa katika sehemu ya mauzo ya kaunta zilikuwa nyingi kiasi kwamba kiliundwa kikosi kazi cha ndani kuzishughulikia. Ripoti ya kikosi hicho, iliyowekwa hadharani baadaye na tume ya uchunguzi inayoongozwa na Jaji mstaafu Wyn Williams, haikuishia kuhesabu kasoro. Ilifungua msimbo na kuusoma.

Mojawapo ya mifano iliyonukuliwa humo ni kipande kifupi ambacho kazi yake ilikuwa kugeuza alama ya namba, yaani chanya iwe hasi na hasi iwe chanya. Mwanafunzi wa shule angeweka alama ya kutoa mbele ya namba na kazi ikaisha. Kipande kile kilichukua namba chanya, tuseme 7, kikaizidisha kwa mbili kupata 14, kisha kikatoa 14 kutoka katika 7 ili kupata hasi 7.

Jibu ni sahihi. Hili linastahili kutafakariwa, kwa sababu ndani yake mna mabishano yote ya mtaalamu na meneja. Meneja akiulizwa atasema, na kwa haki kabisa, kwamba kipande hicho hakina kosa: weka namba yoyote, alama itageuka. Mtaalamu haoni kosa la hesabu pia. Anachokiona ni alama za vidole. Mtu aliyeandika hivi mahali penye hesabu nyepesi kiasi hiki aliandika nini mahali ambapo miamala miwili inagongana, au mtandao unakatika katikati ya malipo? Waandishi wa ripoti walifikia hitimisho hilo hilo, na likatolewa pendekezo la kufikiria kuandika upya sehemu ile ya mfumo.

Pendekezo halikutekelezwa. Kumbukumbu za Mei 2000 zinaonyesha kwamba uongozi wa mradi ulikubali kubeba gharama endelevu ya matengenezo badala ya gharama ya kuandika upya, na kwamba suala hilo lingefunguliwa tu iwapo kungekuwa na haja ya kufanya mabadiliko makubwa ya utendaji. Uamuzi huo haukuwa wa kificho wala wa kihuni. Ni uamuzi wa kawaida wa kimradi, wa aina inayofanywa katika vikao kila wiki duniani.

Kilichofuata kinajulikana. Kati ya mwaka 1999 na 2015, watu zaidi ya 900 walitiwa hatiani kwa wizi, udanganyifu au hesabu za uongo kutokana na upungufu wa fedha ulioonyeshwa na Horizon. Wapo waliofungwa, waliofilisika, na waliofariki kabla ya majina yao kusafishwa. Desemba 2019, Mahakama Kuu mjini London iliamua kwamba toleo la awali la mfumo huo halikuwa imara hata kidogo na kwamba lilikuwa na kasoro zilizoweza kusababisha upungufu wa uongo katika hesabu za matawi. Mei 2024, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyofuta hukumu hizo kwa mkupuo kwa England, Wales na Ireland ya Kaskazini, jambo lisilo la kawaida katika historia ya mahakama za nchi hiyo.

Haki inataka ielezwe kwamba si kila kasoro iliyobainika baadaye ilitokana na sehemu ile iliyolalamikiwa mwaka 1998. Wala msimbo peke yake haukumpeleka mtu mahakamani. Waliofanya hivyo ni maofisa walioshikilia kwamba mfumo haukosei. Lakini kauli hiyo ya kwamba mfumo haukosei isingeweza kutolewa kwa ujasiri ule na mtu aliyeusoma msimbo wenyewe, na waliousoma walikuwa wamekwisha kusema.

Kwa nini basi wasisikilizwe? Sehemu ya jibu ni kwamba mameneja wamesikia malalamiko ya aina hiyo mara nyingi mno. Kila aliyewahi kumwita fundi nyumbani anaifahamu kauli yake ya kwanza baada ya kutazama kazi iliyokuwapo: ni nani aliyewafanyia hivi? Watengenezaji wa programu wana tabia hiyo hiyo. Msimbo wa mtu mwingine huonekana mbaya kwa sababu ni wa mtu mwingine, na meneja asiyeweza kuusoma hana njia ya kutofautisha onyo la kweli na suala la mapendeleo. Upande wa pili nao una hoja: mtaalamu anayesema msimbo ni mchafu, bila kueleza uchafu huo utamgharimu nani na lini, hajamsaidia meneja kuamua.

Mwaka 1992 mtaalamu wa Marekani, Ward Cunningham, aliyekuwa akishiriki kutengeneza programu ya kusimamia uwekezaji iitwayo WyCash, alitafuta lugha ambayo mkuu wake wa kazi, mtu wa masuala ya fedha, angeielewa. Alisema kwamba kutoa programu kabla uelewa wa tatizo haujakomaa ni sawa na kukopa. Mkopo si dhambi. Humwezesha mtu kupata leo alichokuwa akipate kesho. Hatari ni kutolipa, kwa kuwa kila saa inayotumika kuhangaika na msimbo usiolingana na uelewa wa sasa ni riba. Dhana hiyo ya deni la kiufundi imeenea duniani kote, ingawa mara nyingi imepotoshwa. Cunningham alieleza miaka mingi baadaye kwamba hakuwa akihalalisha kulipua kazi. Deni alilolizungumzia linaweza kulipika pale tu ambapo msimbo wa awali uliandikwa kwa unadhifu.

Mfano wa deni una udhaifu mmoja ambao wahasibu watauona upesi. Deni la benki huja na taarifa ya kila mwezi. Deni la msimbo halina taarifa, na hivyo mameneja kwa muda mrefu wamekuwa wakitafuta kipimo cha kuisimamia kazi wasiyoiona.

Kipimo cha kwanza kilikuwa rahisi mno: idadi ya mistari. Mwaka 1982 mameneja wa kampuni ya Apple waliwataka wahandisi wa kompyuta ya Lisa wajaze kila wiki fomu ya mistari waliyoandika. Bill Atkinson, mmoja wa wahandisi hao, alikuwa amemaliza kupanga upya sehemu ya kuchora maumbo kwenye kioo, ikawa na kasi takribani mara sita ya ile ya awali na ikapungua mistari 2,000. Katika fomu aliandika hasi 2,000. Baada ya wiki chache mameneja waliacha kumdai fomu.

Vipimo vya kitaalamu zaidi vilikuwapo. Mwaka 1976 Thomas McCabe alichapisha njia ya kuhesabu idadi ya njia zinazojitegemea ambazo utekelezaji unaweza kuzifuata ndani ya kipande cha msimbo, akapendekeza 10 iwe kikomo cha busara. Kila neno la sharti, kila tawi la kama-sivyo, huongeza hesabu. Kipimo hiki kinafaa kuonyesha mahali pa kutazama, lakini hakiwezi kuona kila kitu. Kile kipande cha Horizon cha kugeuza alama kina tawi moja tu. Kwa McCabe kingepata alama ya 2, daraja la juu kabisa la usafi. Na kipimo chochote kikigeuzwa kuwa shabaha ya kupandishia watu vyeo, watu wataitimiza shabaha na kuacha kusudi lake.

Maswali yenye manufaa zaidi ni yale ambayo hata asiyesoma msimbo anaweza kuyauliza na kupata jibu la namba. Badiliko dogo la mwisho lilichukua siku ngapi, na badiliko kama hilo lilichukua siku ngapi miaka mitatu iliyopita? Kati ya mabadiliko kumi yaliyowekwa kwenye mfumo, mangapi yaliharibu kitu kingine? Ni watu wangapi wanaoweza kuigusa sehemu hii bila hofu, na yule mmoja anayeweza anastaafu lini? Meneja akipata majibu ya maswali hayo kila robo mwaka, anayo ile taarifa ya benki aliyoikosa.

Isidhaniwe kwamba wataalamu huwa sahihi kila mara wanapotaka kufumua. Mwaka 1998 kampuni ya Netscape, iliyokuwa imeshika soko la vivinjari vya intaneti, iliamua kuachana na msimbo wake wa zamani na kuandika upya kutoka mwanzo. Toleo la nne lilikuwa limetoka mwaka 1997. La tano halikutoka kamwe. La sita lilitoka Novemba 2000 likiwa na kasoro nyingi. Katika muda huo mshindani wake, Internet Explorer wa Microsoft, alilichukua soko. Msimbo wa zamani, pamoja na ubaya wake, huwa umebeba marekebisho ya miaka mingi ya matatizo halisi ambayo hakuna anayeyakumbuka. Kuutupa ni kuyatupa pia. Kupanga upya na kuandika upya ni kazi mbili tofauti, na meneja anayezichanganya ana sababu ya kuogopa zote.

Hata kupanga upya kwa kiasi kidogo kuna hatari kusipopimwa. Kampuni ya udalali wa hisa ya Knight Capital ya Marekani iliacha kutumia kazi moja ya programu yake mwaka 2003, lakini haikuufuta msimbo wake. Mwaka 2005 wataalamu walihamisha sehemu iliyokuwa ikihesabu hisa zilizokwisha kununuliwa, ile iliyokuwa ikiiambia programu isimame agizo likitimia, wakaiweka mahali pengine. Ule msimbo uliolala haukujaribiwa tena. Miaka 7 ikapita. Mwaka 2012 kampuni iliandika kazi mpya na kuitumia alama ile ile iliyokuwa ikiiamsha kazi ya zamani. Toleo jipya lilipaswa kuwekwa kwenye seva 8. Mtaalamu aliliweka kwenye 7, na hakukuwa na utaratibu wa mtu wa pili kuhakiki.

Asubuhi ya tarehe 1 Agosti 2012, seva ya nane iliuamsha msimbo wa zamani, ambao sasa haukuwa na kitu cha kuuambia usimame. Maagizo 212 ya wateja yalizaa miamala zaidi ya milioni 4 katika dakika 45. Katika kuhangaika, wataalamu waliondoa toleo jipya kwenye zile seva 7 zilizokuwa sahihi, na tatizo likaongezeka. Hasara ilizidi Dola za Marekani milioni 460. Mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani, katika uamuzi wake wa Oktoba 2013 uliotoza kampuni hiyo faini ya Dola milioni 12, ilibainisha pia kwamba kabla ya soko kufunguliwa mfumo ulikuwa umetuma barua pepe 97 zinazoitaja ile kazi iliyolala. Hakuna aliyezifanyia kazi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga. Kisa hiki kinaongeza kwamba ufa uzibwe na ukuta ujaribiwe. Ndiyo sababu utaratibu unaopendekezwa na wataalamu wengi leo ni wa hatua ndogondogo. Kwanza huandikwa majaribio yanayojiendesha yenyewe, yanayothibitisha tabia ya sasa ya mfumo. Kisha msimbo hubadilishwa kidogo, majaribio huendeshwa, hubadilishwa tena. Hufanyika pale penye badiliko linalokuja, si pote kwa wakati mmoja: kama sheria mpya itagusa sehemu ya ushuru, sehemu hiyo husafishwa kabla ya Julai, na sehemu ya leseni ambayo haijaguswa kwa miaka mitano huachwa ilale, au, kama haitumiki, hufutwa. Kwa mpango huo meneja haombwi wiki sita za kimya. Gharama ya usafi huingia ndani ya gharama ya huduma inayotarajiwa.

Hapa nchini, Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019 ilianzisha Mamlaka ya Serikali Mtandao (eGA), yenye jukumu la kuratibu na kusimamia jitihada za serikali mtandao na uzingatiaji wa viwango na miongozo katika taasisi za umma. Viwango vinaweza kudai nyaraka, majaribio na uhakiki. Uamuzi wa kutenga muda wa kupanga upya, hata hivyo, hubaki mezani kwa mkuu wa taasisi, akiwa na mtaalamu upande mmoja na orodha ya ahadi upande mwingine.

Kwa mwananchi, tangazo la kusitishwa kwa huduma lisomwe kwa makini. Tangazo lililo kamili hutaja saa za kuanza na kumaliza, huduma zitakazoguswa na zisizoguswa, hatma ya malipo yaliyofanyika muda mfupi kabla ya kusitishwa, na mahali pa kupata huduma kwa dharura. Lisipotaja, ni vema kuuliza kupitia dawati la msaada la taasisi husika. Aliyelipa katika saa hizo ahifadhi namba ya kumbukumbu ya malipo, ujumbe wa uthibitisho na risiti mahali pake mwenyewe, kwenye karatasi au simu. Mawakala wengi wa posta wa Uingereza walishindwa kujitetea kwa sababu kumbukumbu pekee ya miamala yao ilikuwa ndani ya mfumo ule ule uliowashitaki.